Alosto ni ya Wiki Moja, Uchu ni wa Mwaka

Aliyekulia Kinondoni, Mji Mkongwe au Likoni hahitaji daktari wa kumweleza alosto, yale maumivu ya kukosa dawa za kulevya, ni nini. (Mombasa wanasema arosto, ugonjwa ni ule ule.) Amemwona kijana wa jirani akipiga miayo mfululizo, makamasi yanamchuruzika, ngozi imemsisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo linamkata, miguu haitulii kitandani. Ameona na mwisho wake: kete moja imepatikana, na baada ya muda mfupi kijana yule yule amekaa barazani anaongea vizuri kabisa. Ndivyo mtaa ulivyotufundisha kuhusu dawa za kulevya. Mtu harudi kwenye unga kwa kuupenda, anarudi kwa sababu anaumwa.

Kwa heroini somo hilo lina ukweli mkubwa, na tiba nzima imejengwa juu yake. Mwaka 1965 madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, walichapisha matokeo ya kuwapa watumiaji wa heroini methadoni kila siku. Methadoni inakaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo heroini hukaa, inakaa kwa muda mrefu, na mtu hapati ile raha ya ghafla wala yale maumivu ya kukosa. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya kwanza ya umma ya methadoni Tanzania Bara. Baadaye zikaja Mwananyamala, Temeke na Zanzibar, na upande wa Kenya Malindi na Kisauni. Leo "kunywa dozi" ni neno la kawaida kwa konda wa daladala anayepita njia hizo asubuhi.

Sasa somo hilo tukilibeba lilivyo na kulihamishia kwenye vichangamshi, yaani kokeini, amfetamini na methamfetamini, tunapotea. Na hatupotei peke yetu. Watafiti wa nchi zenye maabara nzuri na fedha nyingi walipotea kabla yetu, na ramani ya kupotea kwao ndiyo ninayotaka tuisome hapa, kwa sababu mzigo umeshafika bandarini. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni moja. Wanaosafirisha mzigo hawatumi kilo kwa kilo bila kumwaga kidogo njiani. Heroini ilitufundisha hivyo.

Kwanza, kuacha methamfetamini kunafananaje? Mwaka 2005 ilichapishwa makala ya watafiti waliowafuatilia wagonjwa 21 waliolazwa Thailand, siku baada ya siku, tangu walipoacha. Matokeo yangemshangaza mtu aliyezoea mateja wa unga. Hakuna aliyegaragara. Watu walilala. Walilala mchana na usiku, wakiamka wanakula kama waliotoka kufunga miezi miwili, kisha wanalala tena. Moyo ulikuwa mzito, hakuna kilichowafurahisha, walikasirika upesi. Mzigo mkubwa ulishuka ndani ya wiki ya kwanza, mabaki yakaendelea kwa wiki mbili hivi. Mtu ambaye hajui angesema huyu amepona, mpeni nauli aende nyumbani.

Akienda nyumbani ndipo anarudi maskani. Wengine wiki ya tano, wengine mwezi wa nne, mara nyingi siku ambayo hakuna kilichomuuma. Kapita sehemu, kakutana na mtu, kapata fedha mkononi. Yapo majaribio ya panya yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2001 na kundi la Jeffrey Grimm ambayo siku zote nayakumbuka ninapowasikia ndugu wa mgonjwa wakisema "lakini alikuwa ameshapona". Panya walizoeshwa kujipa kokeini, wakanyimwa, kisha wakaonyeshwa ile taa na sauti iliyokuwa ikiambatana na dozi. Ungetegemea hamu yao ipungue kadiri siku zinavyopita. Iliongezeka. Ilizidi kupanda katika kipindi cha miezi miwili. Alosto inashuka, uchu unapanda, na mistari hiyo miwili inapishana mahali fulani katika mwezi wa kwanza bila mtu yeyote kusikia mlio.

Dawa ya kutuliza alosto ya vichangamshi, basi, na dawa ya kuzuia mtu asirudi ni vitu viwili. Huenda zikapatikana katika kidonge kimoja, huenda zisipatikane. Lakini jaribio linalopima la kwanza haliwezi kutuambia lolote kuhusu la pili, na utafiti mwingi wa eneo hili umeishi kwa kuchanganya hayo mawili.

Ushahidi wa wiki ya kwanza ni mdogo kupita kiasi. Wakusanyaji wa mapitio ya Cochrane walipotafuta mwaka 2009 majaribio yote ya kura kuhusu tiba ya alosto ya amfetamini, yaani yale ambayo wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu kati ya dawa na kidonge kisicho na dawa, walipata manne. Manne duniani kote, yenye wagonjwa 125 jumla. Hao ni kama abiria wa mabasi mawili makubwa ya mkoani. Mawili yalihusu amineptini, dawa ya sonona iliyojaribiwa Thailand na timu ya Manit Srisurapanont wa Chiang Mai. Wagonjwa waliopewa amineptini hawakukatiza tiba kwa wingi kama wenzao, na kwa jumla walionekana kuwa na hali nzuri zaidi, ingawa uchu wao haukutofautiana na wa waliokunywa kidonge kitupu. Ilikuwa mwanga. Kisha amineptini yenyewe ikaondolewa sokoni mwaka 1999, na moja ya sababu ilikuwa kwamba watu walianza kuitumia vibaya. Dawa ya kumsaidia teja ikawa na mateja wake. Ningekuwa mtunga tamthilia ningeiona hiyo ni kutia chumvi.

Mirtazapini, dawa nyingine ya sonona inayojulikana kwa kuleta usingizi na hamu ya kula, ilionekana kusaidia katika jaribio dogo la Thailand lenye watu 20. Ilipopelekwa Perth, Australia, kwa wagonjwa 31 wa nje, haikuonyesha tofauti yoyote. Kuna sababu nzuri kwa nini matokeo ya watu 20 na ya watu 31 yanaweza kugombana bila yeyote kati yao kusema uongo: katika makundi madogo hivyo, wagonjwa watatu wakiamua kuondoka Jumanne, hesabu nzima inageuka.

Karibuni Sydney wamejaribu njia ya ujasiri zaidi. Waliwalaza watu kumi walioacha methamfetamini na kuwapa lisdeksamfetamini, ambayo ni amfetamini iliyofungwa ndani ya molekuli nyingine ili itoke polepole mwilini. Waliianza kwa miligramu 250 siku ya kwanza, wakapunguza 50 kila siku hadi 50 siku ya tano, kisha basi. Wanane kati ya kumi walimaliza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 na waliyoyaandika hawakuyakuza: walisema ni salama kiasi cha kustahili jaribio kubwa zaidi, hawakusema inafanya kazi. Ninawapongeza kwa hilo. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na siku tano ni siku tano.

Sidharau siku tano. Mtu anayekatiza tiba siku ya tatu hatafika mwezi wa tatu, na kama kuna kidonge kinachomfanya abaki wodini akalala vizuri, apewe. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kuandika kwamba kwa kupunguza alosto tutapunguza kurudia matumizi, kana kwamba kimoja ni mama wa kingine. Kwa methadoni hilo lilionekana kwa macho. Kwa vichangamshi hakuna aliyeliona bado.

Wale waliolenga kurudi maskani moja kwa moja wamekutana na vipigo vya aina nyingine, na kipigo ninachokipenda, kama neno ni kupenda, kilitokea Finland. Hiyo ni nchi ambayo amfetamini ya kujidunga ni tatizo la siku nyingi. Jari Tiihonen na wenzake walichukua aripiprazoli, dawa ya magonjwa ya akili yenye tabia ya kipekee: inakishika kipokezi cha dopamini, kemikali ya raha ya ubongo, na kukifungua nusu. Nadharia yake ilikuwa tamu kama halua. Dopamini ikizidi, dawa inaipunguza; ikipungua, inaijazia. Mtumiaji akivuta, hapati raha yote, akiacha, haporomoki. Kama kuna dawa iliyochongwa kwa ajili ya kazi hii, ni hiyo. Kundi la pili walipewa methilifenideti, kichangamshi halali wanachopewa watoto wenye tatizo la kutotulia, na la tatu kidonge kitupu.

Hesabu za katikati ya jaribio zilipofunguliwa, wagonjwa wakiwa 53 tu, jaribio lilisimamishwa. Waliokunywa aripiprazoli walikuwa na mikojo mingi yenye amfetamini kuliko waliokunywa kidonge kisicho na kitu. Nadharia ilikuwa nzuri, na ilikuwa inawaumiza watu. Matokeo yalitoka mwaka 2007, na kila ninaposikia mtu akieleza kwa kujiamini kwamba dawa fulani "itarekebisha dopamini", namkumbuka mgonjwa wa Finland aliyepewa kidonge kilichochongwa vizuri kuliko vyote.

Katika jaribio hilo hilo methilifenideti ilionekana kusaidia. Furaha ikawa kubwa. Mwaka 2013 ikarudiwa kwa watu 79, Finland na New Zealand, na tofauti ya mikojo haikuonekana, ila waliokunywa dawa walibaki kwenye tiba zaidi ya wenzao. Unaona mtindo? Jaribio la kwanza linang'aa, la pili linafifia. Modafinili, dawa ya kumfanya mtu asisinzie, ilipita njia hiyo. Asitilisisteini, inayotumika pia hospitalini kumwokoa aliyekunywa panado kupita kiasi, ilijaribiwa Australia kwa watu 153 wasiolazwa, wiki 12, matokeo mwaka 2021: haikusaidia.

Hapa msomaji mwenye haki anaweza kuuliza kama tatizo ni dawa au ni namna ya kuzipima. Mimi nadhani ni vyote viwili, na cha pili hakizungumzwi vya kutosha. Fikiria kipimo chenyewe. Mgonjwa anatakiwa aje kliniki mara mbili kwa wiki, akojoe kwenye kikopo, kwa wiki 12. Asipokuja, majaribio mengi yanauhesabu mkojo usiokuwepo kama mkojo mchafu. Ni uamuzi wa tahadhari, na nadhani ni wa haki mara nyingi, kwa sababu asiyekuja huwa na sababu yake. Lakini unamaanisha kwamba mtu aliyepata kibarua cha ujenzi akaacha kuja kliniki anahesabiwa sawa na aliyelala pembeni ya reli. Katika ugonjwa huu ambapo nusu ya washiriki wanaweza kupotea kabla ya mwisho, namba unayosoma kwenye ukurasa wa kwanza inaweza kuwa inapima nauli kuliko dawa.

Halafu kuna kidonge ambacho hakimezwi. Mwaka 2011 Grant Colfax na wenzake wa San Francisco walichapisha jaribio la mirtazapini kwa wanaume 60 waliokuwa wakitumia methamfetamini. Hapakuwa na wodi wala siku tano. Ilikuwa miezi mitatu ya mtu kuishi maisha yake. Kwenye kundi la dawa, mikojo yenye methamfetamini ilishuka kutoka asilimia 73 hadi 44. Kwenye kundi la kidonge kitupu ilitoka 67 ikafika 63. Na hii ni baada ya chupa za kisasa zenye kifuniko kinachorekodi kila kikifunguliwa kuonyesha kwamba washiriki walimeza chini ya nusu ya vidonge vyao. Mwaka 2020 timu ya mji huo huo ikiongozwa na Phillip Coffin ilirudia kwa watu 120 na kwa miezi sita. Safari hii, kinyume cha mtindo, la pili halikufifia: matumizi yalipungua tena, na tabia hatarishi za kuambukizana virusi vya UKIMWI zikapungua pia. Na kwa mara nyingine vidonge vingi vilibaki kwenye chupa.

Weka hayo kando ya jaribio linalotajwa zaidi kuliko yote, lile la Madhukar Trivedi wa Dallas lililotoka Januari 2021. Washiriki walikuwa 403. Dawa zilikuwa mbili kwa pamoja: sindano ya naltreksoni miligramu 380 kila wiki tatu, na bupropioni, dawa ya sonona, miligramu 450 kwa mdomo kila siku. Alihesabiwa amefaulu yule ambaye mwishoni mwa kipindi chake cha tiba alileta mikojo misafi angalau mitatu kati ya minne. Waliofaulu kwa dawa ni asilimia 13.6. Kwa sindano na vidonge vitupu, asilimia 2.5.

Namba hizo zinasomeka kwa njia mbili na zote ni kweli. Unaweza kusema dawa iliongeza mafanikio zaidi ya mara tano. Unaweza pia kusema unahitaji kuwatibu watu tisa ili mmoja afaulu ambaye asingefaulu bila dawa, na kwamba 86 kati ya 100 waliopewa tiba bora kuliko zote zilizojaribiwa hawakufikia kipimo. Magazeti ya Marekani yalichukua la kwanza. Mimi nimekaa na la pili kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo ukilinganisha na dawa za sonona au za kuacha sigara, mmoja kati ya tisa si aibu. Aibu ni kwamba miaka mitano baadaye mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha dawa hata moja kwa uraibu wa vichangamshi.

Kwetu tiba ya Dallas ina kasoro ambayo haikuandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu waandishi wake hawakuwa wanatuwaza. Naltreksoni inaziba vipokezi vya heroini na methadoni. Mpe mtu anayekunywa dozi Temeke, na ndani ya muda mfupi umemtupa kwenye alosto kali ambayo hajawahi kuiona. Hatapona uraibu wa methamfetamini, atakimbia kliniki. Na kwetu mtu anayetumia methamfetamini anaweza kabisa kuwa yule yule anayekunywa methadoni, kwa sababu maskani ni ile ile na muuzaji ni yule yule, na methadoni haizuii lolote upande wa vichangamshi. Achilia mbali kwamba sindano moja Marekani inauzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Mirtazapini haina ugomvi huo. Ni dawa ya zamani, hati miliki yake imekwisha, inatengenezwa na viwanda vingi. Daktari atalazimika kuwa macho na usingizi kupita kiasi na mapigo ya moyo kwa anayetumia methadoni, lakini hiyo ni kazi ya kawaida ya daktari. Na udhaifu wake mkubwa, chupa zilizobaki zimejaa San Francisco, ndio ambao sisi tunao uwezo wa kuutibu kuliko wao. Mgonjwa wetu wa methadoni anakuja kila siku, anasimama dirishani, anakunywa dozi mbele ya mfamasia, anaongea neno ili ionekane amemeza, anaondoka. Weka kidonge kimoja cha mirtazapini kando ya kikombe hicho. Swali ambalo San Francisco ilishindwa kulijibu kwa uhakika mara mbili, yaani dawa hii inafanya nini kwa mtu anayeimeza kweli, linaweza kujibiwa kwenye kliniki za Dar es Salaam au Mombasa. (Usingizi wa asubuhi utakuwa tatizo, maana mirtazapini hunywewa usiku. Hilo lenyewe ni jambo la kupima kabla ya lolote.)

Lakini lipimwe kwa muda unaostahili. Wiki 12 hazitoshi kusema mtu hatarudi. Mfano ninaouona bora ni wa Sweden, mwaka 2014, wa Maija Konstenius na wenzake. Walichukua wafungwa 54 wenye uraibu wa amfetamini ambao pia walikuwa na lile tatizo la kutotulia tangu utotoni, wakaanza kuwapa methilifenideti wiki mbili kabla ya kutoka gerezani, wakaendelea nao nje, wiki 24 kwa jumla. Gerezani hawakuwa na alosto ya kutuliza, iliisha zamani. Dawa ililenga lango la gereza, siku ile mtu anapotoka na mfuko wake wa nailoni na namba za simu kichwani. Mikojo misafi ilikuwa asilimia 23 kwa waliopewa dawa na 16 kwa waliopewa kidonge kitupu. Tofauti si kubwa, lakini jaribio lilijua linapima nini na lilijua linampima nani.

Tiba yenye ushahidi mkubwa kuliko vidonge vyote hivi haina kidonge ndani yake. Mapitio yaliyotoka mwaka 2018 katika jarida la PLoS Medicine yalikusanya majaribio 50 yenye watu 6,942 ya tiba zisizo za dawa, na iliyoibuka juu ni ile ya kumtuza mtu kwa kila mkojo msafi, ikiunganishwa na msaada wa kujenga upya maisha yake ya kazi na familia. Ilianzia Vermont kwa watumiaji wa kokeini, kwa vocha. Baadaye Nancy Petry akaifanya ya bei rahisi: bakuli lenye karatasi, ukileta mkojo msafi unachota. Karatasi nyingi zimeandikwa pongezi tu, baadhi zina zawadi ndogo, moja ina zawadi kubwa. Mwenye kucheka acheke, bakuli hilo limeshinda maabara.

Najua litakalosemwa hapa kwetu. Mtu mwadilifu ambaye hajawahi kugusa hata sigara atauliza kwa nini teja alipwe kwa kufanya ambalo yeye analifanya bure. Swali hilo nililisikia mezani kwa mjomba wangu, mtu ninayemheshimu, na sikuwa na jibu zuri siku ile. Ninalo sasa, nalo ni la kibahili: kliniki za methadoni tayari zina zawadi isiyogharimu fedha nyingi. Ruhusa ya kuchukua dozi nyumbani. Kwa mtu anayepanda daladala mbili kila asubuhi ili anywe kikombe kimoja, Jumapili moja ya kupumzika ina thamani kuliko vocha. Marekani walishaonyesha miaka mingi iliyopita kwamba dozi za nyumbani zikitolewa kama tuzo hupunguza matumizi ya dawa nyingine. Udhaifu wa tuzo ni kwamba zikikoma, athari yake hufifia. Kwa hiyo jaribio ambalo ningelipenda lingeunganisha viwili: tuzo za kumbakiza mtu miezi ya mwanzo, mirtazapini au kidonge kitupu kwa kura, na kipimo halisi kinachukuliwa baada ya tuzo kukoma.

FDA yenyewe imelegea kidogo. Katika rasimu ya mwongozo iliyotoa Oktoba 2023 kwa wanaotengeneza dawa za uraibu wa vichangamshi, haing'ang'anii tena usafi kamili pekee; inakubali kwamba kupunguza matumizi kunaweza kuwa matokeo yenye maana. Naunga mkono kwa shingo upande. Mtu aliyekuwa akitumia kila siku na sasa anatumia mara moja kwa wiki analala, anakula, anamkumbuka mwanawe shuleni. Lakini mlango ukishafunguliwa, kampuni zitapita na dawa zinazopunguza siku mbili kwa mwezi na kuziita ushindi.

Miraa nimeiacha makusudi, ingawa kathinoni iliyomo ni binamu wa amfetamini. Kuiacha huleta usingizi, ndoto mbaya na uchovu wa siku chache, na ugomvi wake ni wa kodi, mashamba na siasa. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, ambayo ni aina ya miraa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, Ikulu ikasema marufuku hiyo haina nguvu. Katika kelele zote zile sikumsikia mtu akimtaja anayetaka kuacha.

Jaribio la dirishani likiandikwa, kwa Tanzania litapita NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, kwa maadili, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa sababu ni dawa. Kamati zitauliza maswali yao ya kawaida: fomu ya ridhaa imeandikwa Kiswahili gani, nauli inarudishwa kiasi gani bila kugeuka kishawishi, mtu akikamatwa na polisi akiwa mshiriki nani anajulishwa. Mimi ningeongeza moja, na ningelitaka lijibiwe kwa maandishi kabla ya mgonjwa wa kwanza kupigiwa kura. Miezi sita ikiisha, wafadhili wakifunga mabegi, na ikaonekana kwamba kidonge kile kilikuwa kikimsaidia huyu aliyesimama dirishani, siku inayofuata atakinywa kwa fedha ya nani?